Kidole cha Mama

Katika siku nyingi nilizoishi hapa Durban, mwanangu, iko moja ambayo haikubali kufutika. Ilikuwa Jumatatu, mwisho wa mwezi wa kumi na moja, mwaka elfu mbili na kumi na moja. Siku hiyo nchi yetu ya Kongo ilikuwa inachagua rais, na sisi tulikuwa huku mtaa wa Albert Park, mbali kabisa na masanduku ya kura, tumebanana ndani ya duka langu la simu kama waumini siku ya Pasaka.

Kaa vizuri nikusimulie. Najua ninyi vijana mnasema wazee wa hapa tunapenda hadithi ndefu. Na hilo neno wazee lenyewe hunichekesha, maana hapa ugenini mtu akipita tu miaka hamsini tayari anaitwa mzee. Wazee wa kweli walibaki kule. Lakini Jumapili iliyopita, baada ya ibada, nilikusikia wewe na wenzako mkizungumza pale ngazini. Ninyi mmezaliwa hapa, wengine mmekulia hapa, mna vitambulisho vya hapa, na mwaka huu mmefika umri wa kupiga kura. Mmoja wenu akasema, "Eish, kura yangu moja itabadilisha nini?" Mkacheka wote. Mimi nikapita tu, kwa sababu maneno ya ngazini hayakai. Leo tumeketi, basi nisikilize.

Wakati ule nilikuwa sijafika arobaini. Duka langu lilikuwa chini ya jengo refu la fleti, na ndani nilikuwa na kabini za mbao za kupigia simu nje ya nchi, pamoja na meza ya kuuzia chaja na vocha. Mdogo wangu Bahati, mjomba wako, alikuwa kinyozi Umbilo Road, karibu na robot, zile taa za barabarani. Tumezaliwa tumbo moja, na kwa desturi ya kwetu alikuwa ananiita yaya, yaani dada mkubwa. Mama yetu alikuwa bado hai, mjane, akikaa kilimani nje kidogo ya mji wa Uvira. Magoti yake yalikuwa yameanza kumsumbua, lakini ulimi wake ulikuwa mzima.

Sheria ya nchi yetu ilisema aliye nje hapigi kura. Lakini ungewaona wakimbizi wa Albert Park miezi ile, ungedhani wao ndio wapiga kura peke yao. Kwa vinyozi, kwa wasusi, kwenye foleni ya taxi, habari ilikuwa moja tu. Watu walikuwa wanavaa fulana zenye sura za wagombea ambao hawatawahi kuwapigia kura. Marafiki wa miaka walinuniana. Nilikuwa nawatazama na kujiambia kwamba fimbo ya mbali haiui nyoka.

Ndipo watu wakagundua njia ya kuirefusha ile fimbo. Wakaanza kuwapigia simu ndugu zao. Mtu anaingia kwenye kabini, anampigia kaka yake aliyeko Fizi, binamu yake aliyeko Bukavu, shemeji yake ambaye hajamsalimu tangu mwaka juzi, na anawaagiza wote nani wa kumchagua. Aliyekuwa anatuma msaada nyumbani aliagiza kwa sauti kubwa zaidi. Na katika wote, sauti ya Bahati ilikuwa juu.

Bahati alikuwa na mgombea wake. Sitakutajia jina, majina ya wagombea yanachakaa haraka. Mdogo wangu aliamini kwamba yule mtu akishinda, sisi tutarudi nyumbani, barabara zitajengwa, na Mama atapata daktari wa magoti karibu. Usimcheke. Mtu aliyekimbia nchi yake akiwa kijana anahitaji kuamini kitu. Kila alipomaliza kumkata mteja nywele, alivuka barabara kuja kwangu kupiga simu nyingine.

Mimi nilikuwa upande mwingine kabisa. Niliondoka nyumbani na milio ya bunduki masikioni, na tangu hapo siasa kwangu ilikuwa mchezo wa wakubwa ambao wadogo wanalipia. Nilimwambia Mama asiende. Nilimkumbusha magoti, nikamkumbusha jua, nikamwambia watu wakigombana pale atakanyagwa. Kila mara alijibu, "Nimesikia." Na kwa Mama, kusikia hakukuwa na maana ya kukubali.

Jumapili, siku moja kabla ya kura, alinipigia mchana. Nikasikia sauti za wanawake wengi na watoto. Kumbe ametoka misani, akashuka kilima polepole na majirani zake, na sasa yuko nyumbani kwa mama mmoja wa parokia anayeishi jirani na shule ambayo watu watapigia kura. Wamekwenda kulala pale makusudi, ili alfajiri wawe wa kwanza kwenye foleni. Alinisimulia kwa furaha, kama msichana anayekwenda harusini.

Nilikasirika. Nikamwambia, "Mama, si ungebaki tu nyumbani? Mshindi wanamjua tayari."

"Wanaomjua ni akina nani?" akaniuliza. "Miye bado sijawaambia kitu."

Akacheka, akakata simu.

Kesho yake nilifungua duka mapema, nikawakuta watu wananisubiri mlangoni. Siku hiyo hakuna aliyefunga mlango wa kabini. Kila aliyempata ndugu yake aliweka simu kwenye spika ili wote tusikie, na duka likajaa makelele ya foleni za huko kwetu, vifijo, watoto wanaolia, mtu anayeuza maji, jogoo anayewika nyuma ya shule. Bibi mmoja Mzulu aliyekuwa anafanya usafi kwenye jengo letu, tuliyemwita Gogo, yaani bibi kwa Kizulu, alisimama mlangoni na ndoo yake, akaniuliza kama tumefiwa. Nikamweleza. Akatikisa kichwa, akasema kwamba miezi michache tu iliyopita hapa Durban kulikuwa na kura ya madiwani, na wajukuu zake walilala mpaka saa sita mchana. Halafu akaangalia tena ule umati wa watu wasio na kura, akaenda zake na ndoo.

Kule Uvira mambo hayakuwa mepesi. Karatasi za kura zilichelewa kufika shuleni. Mama alikuwa kweli karibu na mlango, lakini jua likapanda, likawaka, na mlango haukufunguliwa. Vijana wengi wakaondoka. Wale wanawake wa parokia wakatandika vitenge chini, wakagawana mihogo ya kuchemsha, wakaimba. Mama alituambia baadaye kwamba mtu mmoja mwenye kiti alimwonea huruma akampa, naye akakikalia huku ameushika mfuko wenye kadi yake kifuani. Kila Bahati alipokuja kuuliza, nilimwambia bado. Mimi nilikuwa nahofia goti la Mama. Bahati alikuwa anahofia kura. Hakuna kati yetu aliyemfikiria Mama mwenyewe na alichotaka yeye.

Mchana ukiwa umekwisha kuinama ndipo simu yangu ikabipu kwa namba nisiyoijua. Nikapiga, akapokea Mama. Chaji yake ilikuwa imekwisha, alikuwa ameazima simu ya mwenzake. Watu wote dukani wakataka niweke spika, nikaweka.

Akatusimulia. Alisema karatasi ilikuwa kubwa kama gazeti, na sura za wagombea wengi mpaka mtu anaona haya kuwatazama wote. Kijana mmoja pale ndani alijitolea kumwonyesha pa kuweka alama, naye akamwomba ageukie ukutani. Dukani tukacheka. Akasema kidole chake sasa ni cheusi kwa wino na kwamba hatakiosha kwa sabuni mpaka kitoke chenyewe. Sauti yake ilikuwa imekauka kwa jua, lakini nilikuwa sijaisikia na furaha kama ile tangu baba alipokuwa hai.

Bahati akajipenyeza mpaka mbele. Bado alikuwa na kitambaa cha kinyozi begani.

"Mama, umempigia nani?"

"Nimepiga, mwanangu."

"Najua umepiga. Nani?"

"Nimepiga."

Watu wakaanza kutabasamu, na nadhani hilo ndilo lililomchoma. Mwezi mzima alikuwa amewaambia kwamba nyumba yetu yote ni ya mgombea wake. Akainama kwenye simu akasema, na sauti yake haikuwa ya mtoto kwa mzazi, "Mama, ni mimi ninayekulisha. Hiyo kura ilikuwa yangu."

Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi.

"Bahati," Mama akasema, bila kupandisha sauti. "Wiki iliyopita vijana walipita kwetu na chumvi na sabuni. Wakaniambia, mama, kula, halafu utukumbuke. Nikawarudishia chumvi yao, na siku hiyo nyumbani chumvi haikuwamo. Leo mwanangu niliyemzaa ananiambia nimekula chake, nimkumbuke. Tofauti yako na wale vijana ni nini?"

Bahati akakivuta kile kitambaa begani, akakikunja.

"Dada yako yuko hapo?"

"Niko, Mama," nikasema.

"Wewe ulitaka nibaki nyumbani. Huyu anataka kupiga kura kwa kidole changu, na wewe unataka kidole changu kisitoke nje. Mmenipangia vizuri, wote wawili. Miye mwenye kidole, niko wapi hapo?"

Akatuombea Mungu atulinde, akasema simu ni ya watu, anairudisha.

Bahati alitoka bila kumtazama mtu. Mimi nikajifanya napanga vocha mezani. Wateja wakaondoka mmoja mmoja, kwa adabu, kama watu wanaotoka nyumba yenye ugomvi.

Siku zilizofuata zilikuwa nzito. Ujumbe mfupi wa simu kwenda Kongo ukawa haufiki, watu wakaingiwa na hofu, kila mtu akisikia uvumi wake. Matokeo yakatoka, mgombea wa Bahati akashindwa. Kulikuwa na malalamiko mengi, na sitaki kuyafukua leo. Ninachotaka ujue ni kilichotokea nyumbani mwetu. Mjomba wako hakuacha kumtumia Mama chakula, nimpe haki yake. Aliacha kumtumia sauti yake. Mama alikuwa anambipu jioni, mara moja tu, kama anayegonga mlango kwa kidole, naye anaiacha simu ilie kwenye kiti cha kunyolea. Krismasi ikapita hivyo. Nilipomsema, alinijibu kwamba mama yake alimwaibisha mbele ya watu. Nilikuwa na la kumwambia, ila na mimi maneno ya Mama yalikuwa yamenichoma, na mwenye mwiba mguuni hamtoi mwenzake mwiba mbio mbio.

Ikafika Januari. Wakongo wa mtaani kwetu walikuwa na umoja wao wa kuzikana na kusaidiana, na ulikuwa unachagua mwenyekiti mpya, kwenye ukumbi wa kanisa, kwa kuinua mikono. Mwenye kile chumba cha kunyolea alichofanyia kazi Bahati alikuwa na rafiki yake aliyegombea. Siku ile asubuhi aliwakusanya vijana wake akawakumbusha kwamba wanakula kwenye viti vyake, na kwamba yeye atakuwa ukumbini anatazama.

Mchana Bahati akaja dukani. Hakunisalimu. Akakaa kwenye benchi, mikono katikati ya magoti, akanieleza hayo niliyokueleza.

"Ukafanyaje?" nikamwuliza.

"Yaya, niliinua mkono." Akautazama mkono wenyewe, akaugeuza. "Yule mtu simtaki hata kidogo. Niliinua, na mwenye viti alikuwa ananitazama anatabasamu."

Nikaendelea kupanga chaja mezani. Kuna wakati mtu akisaidiwa kufikiri anaacha kufikiri. Alikaa pale kitambo, kisha akaingia kwenye kabini ya mwisho na kufunga mlango, lakini mbao zile zilikuwa nyembamba. Nilimsikia akisema, "Mama, ni mimi." Halafu nikamsikia anauliza habari za magoti. Akaulizia mbuzi, akaulizia bati la jikoni lililokuwa linavuja. Aliongea mpaka wateja wakaanza kunung'unika. Hakumwuliza tena alimpigia nani kura, si siku ile, si siku nyingine. Na alipotoka macho yake yalikuwa mekundu, akaniambia, "Sharp, yaya," kwamba mambo ni sawa, kama vijana wa hapa wanavyosema, akarudi kazini. Baada ya muda si mrefu alimwacha yule mwenye viti, akaweka kiti chake mwenyewe Isipingo, karibu na stendi ya taxi, na mpaka leo yuko huko kama unavyojua.

Mimi kujifunza kwangu kulichelewa kidogo. Karatasi zangu za uraia zilikamilika baada ya kusubiri ambako nikikueleza tutafika usiku. Mwaka elfu mbili na kumi na nne Afrika Kusini ikawa na uchaguzi wake mkuu. Hapa, kama mlivyofundishwa shuleni, watu huchagua chama na bunge ndilo humchagua rais, lakini mtaani kila mtu husema anakwenda kumchagua rais. Lilikuwa jambo langu la kwanza la namna hiyo maishani. Na nikaanza kusitasita. Nikajiambia mimi ni mgeni tu, nikajiambia mvua inaweza kunyesha, nikajiambia kura yangu moja. Ndiyo, mwanangu, maneno yale yale ya ngazini.

Siku moja kabla nilikutana na Gogo kwenye korido. Alikuwa ameshazeeka na kuacha kazi, mjukuu wake amemshika mkono. Hapa wazee na wagonjwa wanaruhusiwa kupiga kura mapema, na yeye alikuwa ametoka kupiga. Akaniuliza kama kesho nitakwenda. Nikaona haya kumwambia sijui.

Nikaenda. Foleni ilikuwa fupi kuliko nilivyotegemea, na walioijaza ni watu wa umri wangu na zaidi. Nilipoingia nyuma ya kile kikatoni cha kupigia kura, niliilaza karatasi mezani. Hakuna mtu aliyekuwa ananitazama. Hakuna aliyenilisha asubuhi hiyo wala aliyenitisha. Katika maisha yangu nilikuwa nimehojiwa mipakani, nimepangwa foleni za wakimbizi, nimeandikiwa namba, nimeambiwa simama hapa, kaa pale. Na sasa karatasi imelala mbele yangu, inasubiri nionavyo mimi. Nilikaa mle mpaka msimamizi akauliza kama nahitaji msaada. Nikasema hapana.

Jioni nilimpigia Mama. Nilitaka kumweleza yote, hata chama nilichochagua ulimi ulikuwa unaniwasha kukitaja. Akanizuia.

"Ulikwenda mwenyewe?"

"Nilikwenda mwenyewe, Mama."

"Basi. Hiyo inatosha. Umekula?"

Mwaka uliofuata alifariki. Sisi wawili tulimlilia huku huku, maana safari ilitushinda. Mpaka leo hatujui alimpigia nani kura siku ile, na Bahati husema kwamba huo ndio urithi pekee ambao Mama hakutugawia, na ndio anaouthamini.

Sasa nikuambie lililo moyoni mwangu, mwanangu. Usidharau kura yako kwa kuwa ni moja. Ni kweli kidole kimoja hakivunji chawa, lakini vidole viwili vinavyomvunja, kila kimoja kilianza kikiwa kimoja. Na sikudanganyi kwamba ukipiga kura mambo yatanyooka kesho. Mama alipiga, na bati la jikoni liliendelea kuvuja mpaka mjomba wako alipotuma jingine. Lakini alitembea na magoti yale, akakaa juani kutwa, ili kwa dakika chache awe mtu ambaye hakuna awezaye kusema badala yake. Ukibaki kitandani siku ile, usidhani nafasi yako itabaki tupu. Watu wengine wataijaza, na hawatakuuliza. Na siku utakapokuwa na uwezo, ukamlisha mzazi, ukamlipia mdogo wako ada, ukaajiri watu, mpe mtu mkate wake na umwachie uamuzi wake. Mkate unaodai shukrani ya namna hiyo unamkwama mlaji. Ukitaka kumshawishi mtu, mshawishi kwa maneno mazuri, kisha geukia ukutani.

Nenda mapema, kabla jua halijakuchagulia visingizio. Waite na wale wenzako wa ngazini, mwende pamoja, ila mkifika ndani kila mmoja awe peke yake. Ukirudi mimi sitakuuliza kitu.

Mungu aliyetuvusha mito na mipaka akutangulie, mwanangu. Akupe akili isiyonunulika na moyo usiotishika. Nchi hii ulimozaliwa ikujue kwa jina, na wewe uijue kwa upendo. Uzeeke ukiwa na meno yako, watoto wako wakubishie kwa heshima, na wasikukose mezani siku za sikukuu. Amina.